Gari la wakubwa kwa bei ya mtumba: Bei hushuka, mahitaji hayashuki

KATIKA yadi za kuuzia magari jijini Nairobi, si ajabu kuona Mercedes-Benz E-Class lenye umri wa zaidi ya miaka kumi na mitano likiuzwa kwa bei ya chini kuliko Toyota ndogo iliyoshushwa melini juzi katika bandari ya Mombasa.

Kwa mtu aliyetamani gari la aina hiyo tangu utotoni, bei hiyo ni kishawishi kikubwa. Viti ni vya ngozi, injini haisikiki, na mlango ukifungwa hutoa mlio mzito unaomfanya mwenyewe ajihisi mkurugenzi. Anachohitaji, au ndivyo anavyodhani, ni mkopo kutoka chama cha akiba na mikopo na ujasiri kidogo.

Hata hivyo, wahenga walinena kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu. Bei ya kulinunua gari ni hesabu moja, na gharama ya kulimiliki ni hesabu nyingine kabisa. Kadiri miaka inavyopita ndivyo bei ya gari inavyoshuka, lakini bei ya vipuri vyake, mafuta yake na ufundi wake haishuki pamoja nayo. Gari lililoundwa kwa ajili ya mkurugenzi huendelea kudai matunzo ya mkurugenzi hata likiangukia mikononi mwa karani.

Kutoelewa jambo hili kumewafanya watu wengi kutumbukiza akiba ya miaka kadhaa katika gari ambalo hatimaye huegeshwa nyuma ya nyumba, magurudumu yakiwa yamekaa chini na mkopo ukiendelea kukatwa mshaharani.

Gari na heshima

Magari haya hayanunuliwi kwa ajili ya safari pekee. Katika Afrika Mashariki, jina "Wabenzi" lilibuniwa kuwataja viongozi na matajiri walioibuka baada ya uhuru, kwa sababu ya gari walilolipenda. Tangu hapo Mercedes limekuwa zaidi ya chombo cha usafiri. Ni cheo chenye magurudumu.

Serikali yenyewe iliwahi kukiri kuwa cheo hicho kina gharama. Mnamo Juni 2009, aliyekuwa Waziri wa Fedha, Bw Uhuru Kenyatta, alitangaza katika bajeti kuwa mawaziri na maafisa wakuu wangeachiwa gari moja la kazi lenye injini isiyozidi cc 1,800, ili kupunguza matumizi ya fedha katika mafuta na ukarabati. Baadaye mwaka huo, magari aina ya Volkswagen Passat yalinunuliwa kuchukua nafasi ya yale makubwa. Si wote waliopokea mabadiliko hayo kwa furaha.

Ikiwa hazina ya taifa iliyahisi maumivu ya kuyatunza magari makubwa, mfuko wa mwananchi wa kawaida hauna budi kutafakari mara mbili.

Kwa nini bei hushuka haraka

Swali ambalo mnunuzi anafaa kujiuliza ni hili: ikiwa gari hili ni zuri kiasi hiki, mbona linauzwa rahisi?

Jibu la kwanza limo katika nchi yanakotoka. Nchini Uingereza, magari mengi ya aina hii hununuliwa na kampuni kwa ajili ya maafisa wao, kisha huuzwa kwa wingi baada ya miaka michache. Nchini Japani, gari jipya la kibinafsi hufanyiwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Kwa kuwa ukaguzi huo una gharama, wenye magari wengi huona afadhali kuuza. Nchi hizo mbili huendesha upande wa kushoto wa barabara kama Kenya, na ndiyo sababu magari yao hufaa hapa.

Jibu la pili ni kuwa wanaoweza kuyamudu magari hayo yakiwa mapya kwa kawaida hawataki makuukuu, ilhali wanaotaka makuukuu wengi hawana uwezo wa kuyatunza. Wanunuzi huwa wachache, na bidhaa isiyo na wanunuzi wengi hushuka bei.

Hivyo basi, bei ya chini si zawadi. Ni soko linalomwambia mnunuzi kwamba gharama iliyosalia iko mbele yake.

Milango miwili ya kununulia

Mkenya anayetaka gari la aina hii ana njia mbili: kuagiza kutoka ng'ambo au kununua lililokwisha kutumika nchini.

Anayeagiza hufungwa na kanuni ya Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, inayokataza kuingizwa kwa gari lililotumika likiwa limepita miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Aidha, usukani sharti uwe upande wa kulia, na gari likaguliwe kabla ya kupakiwa melini.

Kisha kuna ushuru. Kwa viwango vilivyotumika mwaka 2025, gari la petroli lenye injini ya kati ya cc 1,500 na cc 3,000 lilitozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, ushuru wa bidhaa wa asilimia 25, VAT ya asilimia 16, ada ya kutangaza bidhaa ya asilimia 2.5 na ada ya ujenzi wa reli ya asilimia 2. Ushuru wa bidhaa hutozwa juu ya thamani ikiwa imeongezwa ushuru wa forodha, na VAT hutozwa juu ya jumla ya hayo yote.

Tuchukue mfano wa gari ambalo Halmashauri ya Ukusanyaji Ushuru, KRA, imelikadiria kuwa la Sh1,000,000. Ushuru wa forodha utakuwa Sh350,000, ushuru wa bidhaa Sh337,500, VAT Sh270,000, na ada mbili za mwisho Sh45,000. Jumla ni Sh1,002,500. Kwa maneno mengine, mnunuzi hulipia gari moja serikalini na jingine kwa muuzaji. Injini ya petroli ikizidi cc 3,000, ushuru wa bidhaa hupanda hadi asilimia 35 na jumla hiyo hufika Sh1,159,100.

Ieleweke pia kuwa KRA huanzia bei ya gari hilo likiwa jipya na kuipunguza kulingana na umri. Mnunuzi aliyepata bei nafuu mnadani Japani hatapunguziwa ushuru kwa sababu ya bahati yake.

Ni kwa sababu hiyo wengi hugeukia mlango wa pili, yaani magari yaliyomo nchini. Haya hayana kikomo cha umri wala ushuru wa bandarini. Lakini pia ndiyo yaliyopita mikononi mwa wenyewe wengi zaidi.

Mfano wa E-Class la 2002 hadi 2009

Ili kuona jinsi mahitaji yanavyobaki pale pale, inafaa kulitazama kwa karibu E-Class lililoundwa kati ya 2002 na 2009, ambalo mafundi hulitambua kwa jina la W211. Lingali linaonekana barabarani humu nchini, hasa lile la E200 Kompressor lenye injini ya cc 1,796.

Kwanza ni breki. Magari ya miaka ya mwanzo ya toleo hilo yalitumia mfumo wa breki unaoongozwa na kompyuta. Dereva akikanyaga, kompyuta hupima nguvu ya mguu na kuiamuru pampu ya umeme kuyabana magurudumu. Pampu hiyo huhesabu kila mara breki inapokanyagwa, na ikikaribia mara 300,000, taa ya onyo huwaka na pampu nzima huhitaji kubadilishwa. Mfumo ukikwama, breki za magurudumu ya mbele ndizo husalia, nalo gari huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama.

Mnamo 2004, Mercedes-Benz iliwataka wenye magari yapatayo 680,000 kuyarejesha ili mfumo huo ukaguliwe. Gari lilipofanyiwa marekebisho mwaka 2006, kampuni iliuacha mfumo huo na kurudia breki za kawaida. Kwa hivyo mnunuzi anayechagua kati ya W211 la 2004 na la 2007 hachagui tu mwaka, bali aina ya breki pia.

Pili ni giaboksi. Kwa muda fulani ilielezwa kwamba oili ya giaboksi ya gia tano haihitaji kubadilishwa maisha yote ya gari. Baadaye kampuni yenyewe ilibadili msimamo na kupendekeza ibadilishwe gari likitembea takriban kilomita 60,000. Mnunuzi asikubali kuambiwa kuwa oili hiyo haiguswi.

Kuna pia kipuri kidogo cha plastiki panapoingilia nyaya za umeme kwenye giaboksi hiyo. Mpira wake ukichakaa, oili hupenya na kupanda taratibu ndani ya nyaya hadi kwenye kompyuta ya giaboksi. Kipuri chenyewe ni cha bei ndogo. Kompyuta si ya bei ndogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu ni cheni iliyo ndani ya injini, ambayo huongoza ufunguaji wa valvu. Katika injini za E200 Kompressor, cheni hiyo hurefuka kwa kuchakaa, hasa pale oili ya injini inapocheleweshwa. Dalili yake ni mlio wa kukwaruza kwa sekunde chache injini inapowashwa ikiwa baridi. Muuzaji anayemkaribisha mteja akiwa amekwisha kuipasha injini joto humnyima nafasi ya kuusikia mlio huo.

Nne ni vitu ambavyo huzeeka kwa miaka wala si kwa kilomita: mipira ya chini ya gari, mipira ya maji, tangi la radieta la plastiki na nyaya za umeme. Gari lenye kilomita chache lakini umri mkubwa halijaepuka uzee. Limeuzeekea mahali pa maegesho.

Barua isiyomfikia mwenye gari

Lipo jambo jingine ambalo wanunuzi wa mitumba hulisahau, nalo linagusa uhai. Kampuni ya magari ikigundua hitilafu, huwaandikia wenye magari wayarejeshe kutengenezwa bila malipo. Lakini barua hiyo hutumwa kwa mwenye gari anayejulikana katika nchi lilikouzwa. Gari likishauzwa mnadani na kusafirishwa hadi Mombasa, barua hubaki Osaka au Birmingham.

Mfano mkubwa ni mifuko ya hewa iliyoundwa na kampuni ya Takata ya Japani, iliyotiwa katika magari ya kampuni nyingi, zikiwemo Toyota, BMW na Mercedes-Benz. Kemikali inayoupuliza mfuko huo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Gari likigongwa, chombo chenye kemikali hiyo kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Watu kadhaa wamefariki duniani kwa sababu hiyo, na Takata ilifilisika mwaka 2017.

Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Pwani. Kwa hivyo, kabla ya kulipa, mnunuzi achukue nambari ya chesisi na kuiulizia kwa wakala wa kampuni husika, au kuichunguza katika tovuti ya kampuni hiyo, ili ajue kama gari lilirejeshwa na kutengenezwa.

Fundi na vipuri

Gari la kifahari lina kompyuta nyingi zinazozungumza pamoja. Fundi wa jua kali aliyezoea Toyota anaweza kuwa hodari sana, lakini bila mashine ya kusoma hitilafu za gari hilo atabaki kubahatisha. Kubahatisha kwa fundi hulipiwa na mwenye gari, kwani kila kipuri kinachobadilishwa bila sababu ni pesa zilizopotea.

Yafaa mnunuzi ampate fundi kabla ya kulipata gari. Fundi huyo aliunganishe gari na mashine, alipandishe ili kulitazama chini, na aliendeshe barabarani. Malipo ya ukaguzi huo ni madogo yakilinganishwa na giaboksi moja.

Kuhusu vipuri, mwenye gari ana njia kadhaa. Kuna vipya vya kampuni yenyewe, ambavyo ni ghali mno. Kuna vilivyoundwa na viwanda vile vile vinavyoiuzia kampuni, lakini vikiwa na nembo ya kiwanda. Hivi mara nyingi huwa na ubora ule ule kwa bei ya chini. Kuna vilivyotolewa katika magari yaliyovunjwa, vinavyopatikana Barabara ya Kirinyaga na Industrial Area jijini Nairobi. Hatimaye kuna bandia, vyenye sanduku zuri na maisha mafupi.

Cha mtumba kinaweza kufaa kwa mlango, taa au kioo. Kwa breki, usukani na mipira ya chini, kuokoa pesa kwa njia hiyo ni kucheza na roho za waliomo garini.

Mafuta, matairi na bima

Tuseme gari kubwa hutumia lita 12 kwa kila kilomita 100 mjini, na gari dogo lita 7. Kwa mwendo wa kilomita 15,000 kwa mwaka, la kwanza litakunywa lita 1,800 na la pili lita 1,050. Tofauti ni lita 750. Mnunuzi azidishe idadi hiyo kwa bei inayotangazwa na mamlaka ya kawi, EPRA, kila tarehe 14 ya mwezi, kisha aamue.

Matairi nayo ni mapana na yenye kuta fupi, ambazo hazistahimili mashimo ya barabara zetu. Tairi huandikwa tarakimu nne ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka wa kuundwa. 1923 humaanisha wiki ya 19 ya mwaka 2023. Tairi lenye nakshi nzuri linaweza kuwa limekwisha kukauka kwa uzee.

Bima ya kugharimia madhara ya mtu mwingine ni lazima kisheria. Bima kamili ni ngumu zaidi kwa gari lenye umri mkubwa, kwani kampuni hulikadiria kwa bei yake ya sasa. Kwa kuwa vipuri ni vya bei ya zamani, ajali ambayo kwa gari jipya ingekuwa ya kutengenezwa huweza kuhesabiwa kuwa mwisho wa gari hilo.

Karatasi kabla ya rangi

Kabla ya kuvutiwa na rangi, mnunuzi atafute rekodi za gari kupitia mtandao wa mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, ili athibitishe jina la mwenye gari na kama benki au mkopeshaji ana haki juu yake. Nambari ya chesisi na ya injini zilinganishwe na zilizo kwenye kitabu cha usajili.

Vilevile, asiiamini mita ya kilomita peke yake, maana hurudishwa nyuma. Usukani uliong'aa kwa kushikwa, kanyagio la breki lililolika na kiti cha dereva kilichobonyea husema ukweli ambao mita huuficha. Ushahidi bora zaidi ni stakabadhi za huduma za miaka iliyopita. Gari lenye kilomita nyingi na stakabadhi zote ni bora kuliko lenye kilomita chache na hadithi nyingi.

Nani anafaa kulinunua?

Haya yote hayamaanishi kuwa gari la kifahari la mtumba ni laana. Limejengwa kwa chuma kizuri, huwalinda abiria vyema katika ajali, na likitunzwa hudumu miaka mingi. Anayelipata kwa mwenyewe aliyelitunza, akiwa na fundi mwaminifu na akiba pembeni, hufurahia starehe ambayo wengine waliilipia mamilioni.

Wanaotaka starehe pamoja na vipuri vya kupatikana kwa urahisi huchagua Toyota Crown au Mark X. Uamuzi huo una mantiki, ingawa nayo hayakwepi kanuni ile ile: injini yenye silinda sita na cc 2,499 haitakunywa mafuta kama Vitz kwa sababu tu imepata mwenyewe mpya.

Kipimo kilicho salama ni rahisi. Mwenye Sh1,000,000 asinunue gari la Sh1,000,000. Anunue la Sh800,000 na kuweka zilizosalia kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, kisha aendelee kuweka kiasi fulani kila mwezi hata gari likiwa zima. Haba na haba hujaza kibaba, na siku giaboksi itakapolalamika, kibaba hicho ndicho kitakachoamua iwapo gari litarudi barabarani au litageuka kiota cha kuku.

Asiyeweza kuweka akiba hiyo hajafikia uwezo wa kulimiliki gari hilo, hata kama ameweza kulinunua.